Miguu ya Wanaosimama Kutwa

Leo jioni utakapokuwa umerudi kutoka kazini na kuvua viatu, usikimbilie kulala kitandani. Simama wima mahali penye mwanga wa kutosha, pandisha suruali au khanga yako mpaka juu ya magoti, kisha uitazame miguu yako mbele na nyuma. Na kwa kuwa nyuma hupaoni vizuri, mwombe mwenzio akutazamie. Je, iko mistari myembamba ya rangi ya zambarau iliyotawanyika mithili ya utando wa buibui? Ipo mishipa minene iliyojipinda na kutuna chini ya ngozi, ambayo ukiigusa ni laini, na ukilala chali na kuinua miguu hunywea na kutoweka? Je, soksi zimeacha mfuo kuzunguka kifundo cha mguu? Ukiyaona hayo, makala haya yanakuhusu. Usipoyaona, yawezekana yanamhusu mama yako, au mkeo, au yule binti aliyekuuzia vitambaa juzi, ambaye tangu duka lilipofunguliwa hakupata pa kukalia.

Ninaye jirani, mama wa makamo, mpishi katika shule moja ya hapa mjini. Alfajiri huwa amekwisha kuinjika masufuria, na hakai kitako mpaka uji umenywewa, maharage yameiva, ugali umesongwa na vyombo vimeoshwa. Kwa miaka zaidi ya ishirini ndivyo alivyoishi. Mishipa ya miguu yake ilianza kutuna alipokuwa na mimba ya mtoto wa tatu, naye hakuijali, kwani hata mama yake mzazi alikuwa nayo, na katika ukoo wao waliiona kuwa jambo la kurithiana tu kama umbo la pua. Baadaye ngozi ya juu ya kifundo cha mguu wa kushoto ikawa nyeusi na ngumu, ikawa inamwasha usiku. Siku moja akakwaruzwa na ukuni. Jeraha lile dogo, ambalo kwa mtu mwingine lingepona kwa juma moja au mawili, likageuka kidonda kisichofunga, na kwa mwaka mzima na miezi akakifunga kwa kitambaa huku akiendelea kusimama jikoni. Wengine wakamwambia ni donda ndugu. Wengine wakasema karogwa.

Lililotushtua sote ni la jioni ile alipokuwa akioga. Mshipa mmoja karibu na kidonda ulipasuka, na damu ikaruka kama maji ya mfereji. Hakusikia maumivu hata kidogo. Aliona tu sakafu imekuwa nyekundu. Wanawe, kwa nia njema kabisa, walimketisha kitini na kumfunga khanga kwa nguvu juu ya goti. Damu ikazidi. Nami niliyefika mbio sikujua zaidi yao. Aliyemwokoa ni muuguzi mstaafu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Aliingia, akaifungua ile khanga, akamlaza mama chali sakafuni, akauinua mguu wake juu ya kiti, kisha akakandamiza kwa kitambaa safi pale pale penye tundu. Hakuinua mkono kuchungulia. Baada ya dakika kama kumi damu ikawa imekoma.

Yafaa kila nyumba ilijue jambo hili, maana wako watu waliokufa kwa damu ya namna hiyo hali tiba yake ilikuwa kulala tu na kukandamizwa. Ukimfunga mgonjwa juu ya goti, unaizuia damu inayopanda kurudi moyoni, lakini ile inayoshuka kwa nguvu kutoka moyoni huizuii. Hivyo mguu hujaa na tundu huzidi kumwaga. Ukimketisha miguu ikining'inia, unaongeza uzito wa damu pale penye jeraha. Mlaze, inua mguu upite kimo cha moyo, kandamiza bila kuachia, funga bendeji, ndipo umpeleke hospitali.

Sasa tuelewane juu ya maneno. Katika Kiswahili chetu neno "mshipa" limebebeshwa mzigo mkubwa: ni njia ya damu, ni njia ya fahamu, ni kano, na kwa wazee wengi ni ugonjwa wa ngiri pia. Ndiyo maana mgonjwa akiingia kwa daktari na kusema tu "nina mshipa," aweza kuulizwa maswali mengi yasiyohusu miguu. Tunayoizungumzia hapa ni vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Moyo huisukuma damu kwenda miguuni kwa nguvu kupitia ateri. Kwenda ni rahisi. Kazi iko katika kurudi, kwani damu iliyofika wayoni hupaswa kupanda mlima mrefu kama mtu mwenyewe alivyo mrefu. Ili isiporomoke njiani, ndani ya vena mna vilango vidogo, vyembamba mno, vinavyofunguka kuelekea juu na kujifunga damu inapotaka kushuka. Hieronymus Fabricius, mwalimu wa Padua huko Italia, alivieleza katika kitabu cha mwaka 1603, ila kazi yake hasa hakuitambua. Mwanafunzi wake, Mwingereza William Harvey, ndiye aliyeonyesha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka mwilini na kwamba vilango hivyo huizuia isirudi ilikotoka.

Lakini vilango havina nguvu za kusukuma. Msukumaji ni msuli wa shavu la mguu, ambao wengine huuita tafu. Kila uchukuapo hatua, msuli huo hujikaza na kuzikamua vena za ndani kama mtu akamuavyo nguo, na damu hupanda. Mtu wa kimo cha kawaida akisimama kimya, shinikizo katika vena za kifundo cha mguu hufikia kati ya milimita 80 na 100 za zebaki. Akianza kutembea, baada ya hatua chache hushuka mpaka kwenye 30 hivi au chini yake. Basi utaona kwamba anayeichosha vena si yule tarishi anayezunguka mji mzima kwa miguu. Ni anayesimama mahali pamoja: kinyozi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwalimu, askari wa barabarani, mfanyakazi wa mashine kiwandani, mlinzi wa lango, mama lishe mbele ya jiko lake.

Vena ikijaa kupita kiasi kwa miaka mingi, hupanuka. Ikipanuka, mbawa za kilango hazikutani tena. Damu hushuka na kukijaza kilango cha chini yake, nacho hushindwa. Mara nyingi ubovu huu huipata ile vena ndefu iliyo karibu na ngozi, inayopanda kutoka ndani ya kifundo cha mguu, ikapita upande wa ndani wa goti na paja hadi kinenani. Matawi yake ndiyo hayo unayoyaona yamejipinda kama nyoka.

Kwa nini mmoja apatwe na mwenzake asipatwe, hali wanasimama kwenye meza moja? Urithi una sehemu kubwa. Umri pia, na unene wa mwili. Kwa akina mama, mimba huleta mambo matatu kwa pamoja: damu mwilini huongezeka sana, homoni hulegeza kuta za vena, na tumbo linalokua huzibana vena kubwa za nyonga. Hata hivyo mjamzito asikate tamaa, kwani mishipa iliyotokea wakati wa uja uzito aghalabu hupungua katika miezi michache baada ya kujifungua. Wakati wa mimba, kulala kwa ubavu wa kushoto husaidia, na upasuaji hungojea.

Kuhusu kazi ya kusimama, uchunguzi uliofanywa Denmark na kutangazwa mwaka 2005 uliwafuata wafanyakazi kwa miaka mingi, ukaona kwamba waliofanya kazi zaidi wakiwa wima walilazwa hospitali kwa ugonjwa huu kuliko wenzao. Iko pia hoja iliyozaliwa katika Afrika yetu ya Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi na ambaye jina lake limebaki katika aina moja ya saratani ya watoto, aliandika mwaka 1972 kwamba mishipa iliyotuna, pamoja na bawasiri, ilikuwa nadra kwa watu wa vijijini Afrika kuliko kwa Wazungu, naye akalihusisha jambo hilo na chakula chenye makapi mengi. Juu ya mishipa hoja yake haikuthibitika kikamilifu. Lakini hata kama alikosea kuhusu dona na maharage, wanakijiji wale hawakuwa wakisimama saa kumi juu ya sakafu ya saruji.

Hapa nitasema lililo moyoni. Tunawashauri wafanyakazi wainue miguu na wavae soksi, huku tajiri akiwa amekiondoa kiti dukani kwa madai kwamba mteja akimkuta mwuzaji amekaa ataona uvivu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1964, unaohusu afya katika maduka na ofisi, unataka wafanyakazi wapewe viti vya kutosha na vinavyofaa, tena wapewe nafasi ya kuvitumia. Zingatia hilo la pili, maana kiti kilichofungiwa stoo nacho ni kiti. Huko Kerala, India, wanawake wauzaji wa maduka ya nguo walidai kwa miaka mingi haki ya kukaa, na miongoni mwa malalamiko yao ilikuwamo mishipa ya miguu. Mwaka 2018 sheria ya jimbo lao ikabadilishwa, na jimbo la Tamil Nadu likafuata mwaka 2021. Chama cha wafanyakazi kinachokwenda kwa mwajiri kuzungumzia mishahara kinaweza, katika kikao hicho hicho, kuzungumzia vigoda.

Dalili za mwanzo ni uzito wa miguu unaozidi jioni, kuwashwa, mikakamao ya usiku, na uvimbe wa kifundo unaopungua asubuhi. Vitabu vingi vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, vikamwambia msomaji atafute wekundu. Juu ya ngozi yetu nyeusi usiutegemee wekundu. Tafuta weusi uliozidi weusi wa kawaida kwenye upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo: hilo ni baka liachwalo na damu iliyovuja chini ya ngozi. Papase kwa kiganja. Pakiwa pagumu kama ubao, na mguu ukaonekana kama chupa iliyopinduliwa, mwembamba chini na mnene juu, ujue kidonda hakiko mbali.

Ama ile mistari ya utando wa buibui, hiyo ni vijishipa vya juu kabisa vya ngozi, visivyofikia unene wa milimita moja, na mara nyingi havidhuru ila macho ya mwenyewe. Lakini dada zetu wanaojichubua wasikie hili: mafuta mengi ya kung'arisha ngozi yana dawa kali za jamii ya steroidi kama klobetasoli, ambazo zikitumiwa kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuvitokeza vijishipa hivyo usoni na mapajani. Anayenunua mkorogo sokoni hununua na mistari hiyo.

Kuzuia kabisa hakuwezekani pale urithi ulipo, ila kuchelewesha na kupunguza kunawezekana. Ukilazimika kusimama, usisimame kama nguzo: hamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, jiinue juu ya vidole vya miguu mara ishirini kila nusu saa, tembea hata kama ni kwenda dirishani na kurudi. Ukikaa ofisini au kwenye basi la safari ndefu, chezesha vifundo. Jioni lala robo saa au zaidi miguu ikiwa juu kuliko moyo, siyo juu ya stuli mbele ya televisheni huku umekaa wima. Huko si kuinua. Tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda, upande wa nyayo, hufanya kazi usiku kucha bila gharama. Tembea kila siku, punguza unene, na viatu virefu viache kwa arusi, kwani humnyima msuli wa shavu la mguu nafasi ya kujikaza vizuri. Kukunja nne, ambako wengi hulaumu, hakuna ushahidi thabiti kwamba kunaleta ugonjwa huu.

Soksi maalumu za kubana zina historia ya kupendeza. Mhandisi mmoja wa Marekani, Conrad Jobst, mwenyewe mgonjwa wa mishipa, alihisi nafuu alipokuwa amesimama ndani ya bwawa la kuogelea. Akatambua kwamba maji hubana zaidi kadiri yanavyokwenda chini, ndipo akatengeneza soksi zinazobana sana kifundoni na kulegea polepole kuelekea gotini. Katika joto la pwani soksi hizo ni adhabu, sikatai. Lakini mwenye uvimbe au mwenye kidonda kilichopona hana budi kuzivumilia. Huvaliwa asubuhi kabla ya kushuka kitandani, mguu ukiwa haujajaa. Soksi za kawaida zenye mpira mkali chini ya goti hazifai, kwani hubana juu na kuacha chini. Na kabla ya kubanwa kwa nguvu, sharti daktari au muuguzi apime mapigo ya damu ya mguuni. Mtu ambaye ateri zake zimeziba, kama walivyo baadhi ya wavutaji sigara na wenye kisukari, akibanwa aweza kuupoteza mguu.

Ziko tiba za mitaani ambazo lazima niziseme waziwazi. Kupiga chuku au kuchanja chale juu ya mshipa uliotuna ni kuufungulia mlango wa damu na wa wadudu. Mshipa wenyewe haupungui, kwani kasoro iko kwenye vilango vilivyo juu, pengine kinenani. Majivu, unga wa dawa na mafuta ya taa juu ya kidonda huunguza ngozi ambayo tayari ina njaa. Kukanda mguu kwa nguvu nako kuna hatari: mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na joto, yawezekana donge la damu limeganda katika vena za ndani. Usiukande. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ukibanwa pumzi au kifua kikauma, nenda saa hiyo hiyo, maana donge laweza kukatika na kufika mapafuni.

Wala si kila mguu mgonjwa una ugonjwa wa vena. Pwani yetu inayo matende. Wako wenye selimundu ambao hupata vidonda mahali hapo hapo kifundoni. Kisukari nacho kina vidonda vyake, zaidi wayoni na vidoleni. Miguu yote miwili ikivimba pamoja, pengine kasoro iko moyoni au kwenye figo. Kwa hiyo mwombe daktari akutazame ukiwa umesimama, kwani ukilala vena hunywea na ugonjwa hujificha, na kama kipimo cha mawimbi ya sauti kinapatikana, kifanywe, ili ijulikane ni kilango kipi kilichoharibika.

Matibabu yenyewe yamebadilika sana. Plutarch, mwandishi wa kale, anasimulia kwamba jemadari wa Roma aitwaye Marius alikatwa mishipa ya mguu mmoja bila kufungwa kamba wala kupiga ukelele. Daktari alipougeukia mguu wa pili, alikataa, akiona kwamba faida haitoshi kulipia maumivu yale. Kwa muda mrefu katika karne ya 20 tiba kuu ilikuwa kuifunga vena kinenani na kuing'oa, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Upasuaji huo ungaliko na ungali unafaa. Lakini siku hizi uko uwezekano wa kupitisha waya mwembamba ndani ya vena na kuichoma kwa leza au kwa mawimbi ya redio, mgonjwa akiwa amepigwa ganzi ya mguu tu, akarudi nyumbani kwa miguu yake siku ile ile. Iko pia sindano ya dawa iliyofanywa povu, inayoigandamanisha vena ikaziba. Vijishipa vya buibui navyo hutibiwa kwa sindano nyembamba mno. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilielekeza mwaka 2013 kwamba kuchoma kutangulie, kisha povu, kisha upasuaji. Usihofu kwamba damu itakosa njia: vena za ndani ndizo zibebazo sehemu kubwa ya mzigo, na ile iliyoharibika ilikuwa ikizirudisha nyuma tu. Mafuta ya kupaka yanayotangazwa kwamba huondoa mishipa hayaondoi kitu.

Kwa mwenye kidonda, dawa ya kwanza ni bendeji za kubana zinazofungwa na mtu aliyefundishwa, kuanzia penye mizizi ya vidole hadi chini ya goti. Uchunguzi wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliotibiwa vena mapema, pamoja na bendeji, vidonda vyao vilifunga upesi kuliko waliofungwa bendeji na kuambiwa wangoje.

Jirani yangu alipelekwa hospitali ya rufaa asubuhi iliyofuata ule usiku wa damu. Walimpima mapigo, wakamfunga bendeji tabaka kwa tabaka, wakawa wanambadilishia kila juma, na alipokuwa tayari wakamfanyia upasuaji wa ile vena ndefu. Kidonda kilifunga mwezi wa nne. Aliporudi kazini alimwomba mwalimu mkuu jambo moja, naye mwalimu mkuu akashangaa, kwani kwa miaka yote ile hakuwahi kutambua kwamba jikoni kwake hamna kiti. Sasa muna stuli mbili ndefu. Mama huchambua mchele na kukata mboga akiwa amekaa, soksi zake za kahawia zikionekana chini ya khanga, na ugali bado husonga akiwa wima.